Nakala Nyingine Ikihitajika

Sanduku lilikaa juu ya kabati miaka yote hiyo
chini ya sufuria za matanga, nasi tukidhani ni la misumari.
Lilipoteremshwa likatoa harufu ya kafuri, ya kutu,
na ya kitu cha tatu ambacho Shangazi Kalondu alikijua.
"Huyo ni yeye," akasema, akaketi kitandani.

Nje, majirani zetu wa Makongeni walikuwa wakihama,
kila mtu na mlango wake begani.
Sisi tulipewa hadi Ijumaa.

Kwanza, kitabu cha kuachishwa Keya.
Namba. Cheo: koplo. Jina: Kitusi Mbindyo.
Kithusi, jamani. Karani aliangusha herufi moja,
jina likawa tusi dogo, na Babu akalivaa
hadi kwenye kadi ya reli, hadi kwenye cheti cha kifo.
Tabia: nzuri sana.
Alama mwilini: kovu, goti la kushoto.
Kovu lile ni la mbuzi, la utotoni huko Kilungu.
Vita havikumpa alama ya kujazia fomu.

Kisha barua, tatu, kwa mwandiko wa mwenzake aliyesoma.
*Mke wangu Syokau, sisi wazima. Sasa tupo*
na hapo wembe wa mkaguzi umepita,
umeacha dirisha refu kama jina la mahali.
Nikaliinua machoni. Ndani ya Burma
nikamwona Mama Akoth akifunga godoro kwa kamba.
*Mvua ya huku hainyeshi, inakaa.*
*Mwambie kaka asimuuze yule fahali.*
(Fahali aliuzwa. Hilo tunalijua wote, ni kesi ya ukoo.)

Nyota ya shaba, utepe hakuna.
Kwenye kipete chake, uzi wa kitani wenye chokaa:
aliifanya timazi siku alipojenga ukuta wa jiko.
Ukuta ule umenyooka. Utabomolewa umenyooka.

Na chini kabisa, hariri ya parachuti,
kilichobaki baada ya Bibi kushona gauni la ubatizo
lililovaliwa na Kalondu, kisha na wadogo zake watano.
Hariri imekunjwa mara nne. Ndani yake, picha:
mwanamume, mwanamke amekaa, mtoto mapajani.
Si watu wetu. Mtoto alitikisika,
uso wake ni moshi.
Nyuma, maandishi yanayoshuka kama mvua ya huko.

"Hii hakunionyesha," akasema Shangazi.
Hatukuulizana aliipataje.
Picha kama hiyo mtu haitoi mfukoni akakupa.

Alhamisi nikaenda nayo Kirinyaga Road
kwa Oguttu auzaye injini kuukuu za Japani,
aliyeishi Nagoya miaka sita, akijifunza lugha kwenye mabohari.
Akafuta mikono kwa tambara, ikabaki myeusi vilevile,
basi akaishika picha kwa kucha.
Njia nzima nilikuwa nimejiandaa:
jina la mtoto, dua, labda *rudi salama*.
Oguttu alisoma akaguna.

"Ni mhuri wa studio. Wanasema:
nakala nyingine ikihitajika,
tafadhali leteni namba hii."

"Basi?"

"Basi. Na namba yenyewe."

Kijana wake aliwasha injini kuijaribu, nayo ikakohoa, ikashika,
na kwa muda hatukuweza kusikilizana.

Niliporudi, mlango wetu ulikuwa umeshang'olewa.
Shangazi alikuwa ndani, kwenye mwanga mwingi mno,
hariri magotini, akiisubiri picha yake.
Nikamweleza. Hakucheka, wala hakusikitika.
Akauliza, "Namba ngapi?"
Sita, nane, sufuri, moja.
Akairudia mara mbili, polepole,
kama mtu ambaye huenda akaulizwa.